Maagizo kwa Jigmet, Kabla ya Theluji

Jigmet, mguu wangu bado umo kwenye hogo.
Daktari wa Leh amesema wiki sita, na theluji haisubiri daktari,
basi panda wewe. Mimi nitapanda kwa maneno.

Usifungue kasha hata moja kwanza.
Panda na kijiti, saa sita za mchana,
kisimamishe juu ya paa, uone kivuli kinalala wapi.
Huko ni kaskazini. Kupe kisogo.
Mirija yetu itazame kusini bila kuona haya.

Kisha utazame mpopla wa Paljor.
Leo umesimama mbali, una adabu zake.
Lakini jua la Desemba hutembea limeinama,
na kivuli cha mti huo kitaruka ukuta,
kitapanda ngazi kama mgeni asiyebisha hodi.
Pima kwa jicho la Desemba.

Kanyaga paa. Sikiliza.
Ni udongo juu ya fito, fito juu ya boriti,
na boriti zile alizipandisha babu yako.
Tangi likijaa ni lita mia mbili:
watu watatu wanene waliokuja kukaa wasiondoke.
Wakalishe juu ya ukuta, si juu ya jiko.

Stendi uiinue kuliko kitabu kinavyosema.
Kitabu kiliandikwa na watu wa tambarare.
Digrii hamsini, theluji iteleze yenyewe
usije ukapanda alfajiri na fagio.

Sasa bomba.
Literemke kutoka tangini hadi jikoni, moja kwa moja,
na mwisho wake uweke koki ya kumwagia, uifungue kila usiku.
Popote bomba litakapolegea kama tumbo
maji yatalala humo, na yakilala yataganda,
na yakiganda yatatafuta nafasi.

Najua ninalolisema. Kwa Paljor, Januari ile,
nilikuwa na haraka, nyumba nyingine mbili zikiningoja.
Bomba lilipasuka usiku, juu ya ghala.
Asubuhi nilikuta shayiri yake ya mwaka mzima ndani ya barafu,
punje kwa punje, safi, kama bidhaa kwenye kioo cha duka.
Hakunigombeza. Alinimiminia chai ya chumvi.
Afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo livike: sifongo nyeusi,
juu yake sufu ya yaki, ile ambayo bado ina mafuta,
juu yake bati. Usione aibu likinenepa.
Na tundu la pumzi juu ya tangi, usilizibe kamwe,
hata mama yako akiuliza huo mvuke unakwenda kwa nani.

Mirija iwe ya mwisho, tena jioni.
Mrija mtupu ulioshinda juani una hasira,
ukiunywesha maji baridi utakupasukia mkononi.
Paka maji ya sabuni kwenye mpira.
Zungusha. Ukisukuma, umenunua mwingine.

Mama yako atasema hataki.
Atasema moto wa samadi ulimlea, ukakulea na wewe.
Usibishane naye, ni kweli.
Tazama tu vifundo vya vidole vyake:
miaka arobaini mkono ule unavunja barafu ya ndoo
kabla hujaamka.

Siku ya kwanza mfundishe hivi: baridi kwanza, moto baadaye.
Maji ya tangi yanaweza kuchoma hata kama nje kila kitu kimeganda,
na yeye hataamini mpaka ayaguse.
Ukishamwonyesha, toka.
Mwambie unakwenda kukaza nati.
Mwache afungue bomba peke yake, akae nalo anavyotaka.

Na hizo nati, Jigmet, zikaze kweli.
Upepo wa Aprili hausomi karatasi ya dhamana.